Nani Atamzika Dulo

"Usimguse! Utanigusa mimi kwanza, Manang Fely, ndipo uliguse hilo jeneza!"

Nieves alisimama kati ya jeneza na mlango, mikono kaitandaza kama mtu anayezuia kuku wasitoke bandani. Alikuwa mwanamke mfupi, kavaa nyeusi toka shingoni hadi miguuni, na macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia na kukesha.

"Sijaja kugusa mtu," Felicitas akamjibu; lile "Manang", yaani dada mkubwa, halikumlainisha. "Nimekuja kumchukua mume wangu. Gari liko nje linanguruma, na dereva analalamika."

"Mume wako? Tangu lini? Miaka kumi na tisa namfulia mimi, namlisha mimi, nampeleka mimi hospitali kusafishwa damu. Leo kafa, ndiyo umekumbuka kwamba una mume?"

"Sikusahau. Nilikuachia tu."

"Basi endelea kuniachia!"

Uani, chini ya turubai, wacheza karata walikuwa wameacha kucheza. Matanga bila karata si matanga, lakini sasa kila mmoja alikuwa amezibana karata zake kifuani, shingo kaigeuzia mlangoni. Mzee mmoja akanong'ona, "Tuendelee?" Mwenzake akamjibu, "Ngoja kwanza. Huu mchezo wa ndani ni mtamu zaidi."

Felicitas aliyasikia hayo na hakujali. Hakuwa mtu wa kujali minong'ono. Huko kwao Guimbal alikuwa na duka la sare za shule, cherehani nne, na shahada ya biashara iliyotundikwa ukutani juu ya cherehani hizo, na mdomo usiojua kupita njia ya mzunguko. Alikuwa ameolewa na Teodulo Tolosa, fundi wa mafriji, wakazaa mtoto mmoja, Marivic. Marivic alipokuwa na miaka saba, Dulo alikwenda kutengeneza jokofu la muuza samaki huku Antique, upande wa pili wa mlima, na hakurudi. Muuza samaki mwenyewe ndiye huyu Nieves.

Sasa Dulo alikuwa amelala chini ya kioo, amevaa shati jeupe la sherehe ambalo Felicitas hakulijua, amekonda kiasi kwamba masikio yake yalionekana makubwa.

"Mama ana haki," Marivic alisema. Alikuwa amesimama kando ya mama yake, bado na viatu vyeupe vya kazini, maana alikuwa muuguzi na alitoka zamu moja kwa moja. "Sheria iko upande wake. Muulize wakili yeyote."

"Wewe mtoto, wakubwa wanaongea," Nieves akamkemea.

"Nina miaka ishirini na sita, na aliyelala humo ni baba yangu. Sinyamazi."

"Sheria?" Nieves alisema. "Mnataka sheria? Ngojeni." Akaondoka mlangoni kwa mara ya kwanza, akavuta droo ya kabati, akatoa karatasi iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Hakumpa Felicitas. Alimpa Kapteni Palmares, mkuu wa mtaa ule, ambaye alikuwa amekaa pembeni na bakuli lake la uji wa wali na kuku, akiomba Mungu asiitwe.

"Soma, Kapteni. Soma kwa sauti. Manang mwenyewe ametia saini hapo."

Kapteni akaweka bakuli chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akasoma. Karatasi ilisema kwamba Teodulo na Felicitas, kwa hiari yao, mbele ya kapteni wa mtaa wao wa wakati ule, wamekubaliana kuachana. Kwamba kila mmoja yuko huru kuoa au kuolewa tena. Na kwamba hakuna atakayemwingilia mwenzake maishani. Kulikuwa na mashahidi. Kulikuwa na mhuri, tena mkubwa.

"Haya," Nieves alisema. "Kila mmoja yuko huru. Hatamwingilia mwenzake. Sasa hapa si kuingilia ni nini?"

Kapteni Palmares akaitazama ile karatasi mbele na nyuma, kama vile labda upande wa pili ungemsaidia.

"Ni karatasi nzuri," alisema.

"Nzuri vipi?"

"Imechapwa vizuri." Mtu akacheka huko uani, na kapteni akaona haya. "Dada Nieves, haina kazi. Samahani. Kapteni wa mtaa anapatanisha walioibiana kuku, waliotukanana, wanaogombea mpaka wa ua. Ndoa hawezi kuivunja. Hata mume na mke wenyewe hawawezi, hata wakikubaliana kwa furaha na kuandika karatasi ndefu kama barabara ya kwenda Iloilo. Mimi mwenyewe nimewahi kuziandika hizi kabla ya kupelekwa semina. Sote tuliandika. Watu wawili wanakuja kwako wanalia, wamechoka, hawana uwezo wa wakili. Utafanyaje? Unapiga mhuri, wanakwenda zao wamepoa."

Nieves akaketi kwenye benchi la wafiwa. "Dulo aliitunza kama cheti cha ubatizo," alisema. "Kila kimbunga kikija, kitu cha kwanza kukifunga kwenye plastiki ni hiyo."

Hapo ndipo Felicitas alipaswa kuona raha. Alikuwa ameingoja hiyo raha njia nzima, juu ya mlima na kona zake, mguu ukikanyaga breki isiyokuwepo. Lakini alichokiona ni kwamba hata yeye aliwahi kuiamini karatasi ile. Alitia saini kwa kalamu yake mwenyewe, akarudi nyumbani akijiita mwanamke huru, na wala hakufanya lolote na uhuru huo isipokuwa kukasirika.

Ukweli aliujua asubuhi ileile tu. Kabla ya kukodi gari la maiti alikuwa amepanda kwa Wakili Jalandoni, ambaye ofisi yake iko juu ya duka la mikate, na ambaye Felicitas alimshonea sare tangu akiwa hana meno ya mbele.

"Mlitenganishwa na mahakama, Shangazi?" wakili alimwuliza.

"Na kapteni wa mtaa."

"Basi hamkutengana. Mlihama nyumba tu."

"Kwa hiyo mimi bado ni mke?"

"Sasa ni mjane. Lakini mpaka anakata roho ulikuwa mke. Talaka nchi hii hatuna. Ndoa ni mkataba, ila si kama wa kupanga nyumba, kwamba wawili wakichoka wanauchana. Waliofunga hawawezi kufungua. Anayefungua ni jaji."

"Na maiti?"

"Kwenye kuzika sheria imepanga foleni. Wa kwanza ni mume au mke. Wa pili watoto. Kisha wazazi, kisha ndugu wa tumbo moja. Wa mbele akiwepo, wa nyuma anangoja."

"Na yule mwanamke yuko nafasi ya ngapi?"

"Hayuko kwenye foleni."

"Miaka kumi na tisa!"

"Hata hamsini. Je, marehemu aliwahi kusema anataka kuzikwa wapi? Sheria huyasikiliza matakwa yake."

"Alikuwa fundi wa mafriji. Kila joto likizidi, anasema akifa tumfungie humo ndani."

"Hilo sitalipeleka mbele ya jaji," wakili alisema, na wakacheka kidogo, kwa aibu, kwa sababu ya mtu aliyekufa.

"Lakini nilikaa kimya muda wote huo. Si nimeshaiacha haki yenyewe?"

"Kimya si kuacha. Haki ya namna hii huachwa kwa kauli iliyo wazi, na anayeacha awe anajua anachokiacha. Kama hujatamka, hujaacha." Kisha wakili akazungusha kalamu vidoleni. "Ila kuna kitu kinanishangaza. Mbona hamkuwahi kwenda kubatilisha ndoa? Mlitengana kabisa. Yeye alikuwa na mtu wake."

Felicitas alimweleza. Mwaka wa nne au wa tano Dulo alikuja dukani, akasimama kizingitini kama mteja asiye na hela, akasema amepata wakili, na wakili amesema njia ipo: kuthibitisha kwamba mmoja wao hana uwezo wa kisaikolojia wa kubeba majukumu ya ndoa. Felicitas alisikia neno moja tu kati ya hayo yote: kisaikolojia. Alimfukuza na pasi ya moto mkononi, waya unaburuta sakafuni. "Mimi nina shahada! Niandikwe kichaa mahakamani ili wewe ukaoe muuza samaki?" Mtaa mzima ulisikia. Dulo akaondoka na hakulirudia jambo hilo tena.

Wakili Jalandoni alikuwa ameinamisha kichwa. "Shangazi, hakuna aliyetaka kukuandika kichaa. Angeweza kusema kwamba ni yeye asiyeweza ndoa. Na siku hizi Mahakama ya Juu imesema waziwazi kwamba jambo hili si ugonjwa, wala ripoti ya daktari si lazima. Ni jinsi mtu alivyo, toka kabla ya ndoa, mizizi imeshakwenda chini, hata akashindwa kuwa mume kwa huyu au mke kwa yule. Mtu anaweza kuwa na akili timamu na ndoa ikamshinda. Tena hakuhitaji ruhusa yako. Angefungua kesi peke yake."

"Hakufungua."

"Ndiyo maana nashangaa."

Felicitas hakushangaa wakati ule. Alikuwa na hasira, na mwenye hasira hana nafasi ya mshangao. Alilipa, akashuka ngazi, akakodi gari.

"Nendeni jikoni," Kapteni Palmares alikuwa akisema sasa. "Nyinyi wawili tu. Hapa mnawapa watu sinema ya bure."

Walikwenda, kwa sababu chungu cha uji kilikuwa kimeanza kushika chini na Nieves alisikia harufu. Jiko la matanga halizimwi. Waombolezaji huja saa yoyote, na kila anayekuja anakula. Nieves akachukua mwiko, akakoroga. Felicitas akasimama karibu na beseni la vikombe, na kwa kuwa hakujua kusimama bure, akaanza kuviosha.

"Ukimchukua," Nieves alisema bila kugeuka, "mvalishe fulana nzito chini ya lile shati. Sikupata nafasi. Alikuwa anaumia na baridi. Fundi wa mafriji, lakini baridi ilikuwa inamwuma mpaka anatetemeka."

"Najua," Felicitas alisema.

Hakujua. Dulo wake yeye alikuwa akilala kifua wazi mwezi wa Januari, dirisha limefunguliwa, na wakigombania feni. Huyu wa kutetemeka alikuwa mtu mwingine, mgonjwa, aliyezeeka mahali ambapo yeye hakuwepo. Akasugua kikombe kilichokwisha takata.

"Nieves. Kwa nini hakufungua kesi? Wakili anasema hakuhitaji mimi nikubali."

Mwiko ukasimama.

"Unaniuliza mimi? Mimi nilimwambia hivyohivyo. Nilimwambia mwaka ule aliotoka kwako na alama ya pasi kwenye mkono wa shati. Nikamwambia mwaka uliofuata. Nikamtafutia hata wakili mwingine. Akasema, 'Fely ndiye aliyenisomesha ufundi kwa cherehani yake. Nimeshamwachia mtoto amlee peke yake. Sitamwachia na jina la kichaa.' Nikamwambia, basi na mimi je? Mimi utaniachia jina gani? Akanyamaza. Unakujua kunyamaza kwake."

"Nakujua."

"Kama jokofu lililochomolewa."

Felicitas alitaka kucheka na kikamtoka kitu kingine, akageukia beseni. Wote wawili walikuwa wamelielewa vibaya neno lile la kisaikolojia, yeye na Dulo. Yeye akalikataa kwa ajili yake mwenyewe, na Dulo akalikataa kwa ajili ya Felicitas huyohuyo. Na hakuna hata mmoja aliyepanda ngazi juu ya duka la mikate kuuliza maana yake. Majuto ni mjukuu, watu husema, lakini mjukuu angalau mtu humbeba.

"Nakaa benchi la nyuma kanisani," Nieves aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayehesabu samaki, haikuwa ya ugomvi. "Wenzangu wanakwenda kupokea komunyo, mimi nabaki na wajawazito na wenye watoto wanaolia. Hilo nililizoea. Lakini mwezi uliopita, hospitali. Walitaka kumpasua, wanataka saini. Daktari ananiuliza, wewe ni mke? Nikasema, nakaa naye. Akauliza tena, mke au si mke? Na foleni nzima inanitazama mdomoni. Wakamngoja kaka yake avuke na meli kutoka Bacolod."

"Ungenipigia simu."

"Nikwambie nini, Manang? Njoo umtilie saini mume wangu?"

Felicitas akakipindua kikombe mezani, akachukua kingine.

"Kule kuchelewa," akasema hatimaye, "ndiko kulikomuua?"

"Daktari alisema hakukubadilisha kitu." Nieves akarudi kukoroga. "Lakini madaktari ni watu wapole."

Mlango wa jikoni ukasukumwa. Marivic. "Mama, dereva anasema anazima gari au anaondoka. Kule Guimbal wameshaandaa sebule. Babu amepangusa viti vyote. Tunamchukua au hatumchukui?"

Felicitas hakujibu mara moja, na binti yake, ambaye hajawahi kumwona mama yake akichelewa kujibu, akamtazama, akamtazama Nieves, akaelewa.

"Hapana, Mama. Hapana. Usithubutu."

"Nisikilize kwanza."

"Sisikilizi! Ulikuja na sheria mkononi, umekula uji, umelainika?"

"Sijaonja hata uji wenyewe. Marivic, mwezi wa Machi unakwenda Riyadh. Kaburi likiwa Guimbal, atakayekwenda ni nani?"

"Wewe."

"Ndiyo. Mimi. Kila tarehe moja Novemba, siku ya kuwakumbuka wafu, nitakwenda na mishumaa na maua na kiti cha kukunja, nikae hapo majirani wanione. Waone kwamba mwishowe amerudi kwangu. Hilo ndilo nililokuja kulichukua, mwanangu. Sikuja kumchukua baba yako. Ninasema wazi maana mimi sijui kusema vingine."

"Na mimi? Mimi nilikuja kumchukua baba yangu!" Sauti ya Marivic ilipasuka. "Unakumbuka friji la kantini ya shule? Kila Juni alikuwa anakuja kulitengeneza bure. Mwalimu mkuu alidhani ni mtu wa Mungu. Alikuwa anakuja kuniona mimi wakati wa mapumziko. Tulikuwa tunakaa nyuma ya kantini, ananipa barafu ya kukwangua. Halafu Juni moja akaja fundi mwingine, na nikajua ni wewe."

Ndiyo, alikuwa Felicitas. Alikwenda kwa mwalimu mkuu akiwa na shahada yake na mdomo wake, na akatoka na ahadi. Hakudhani mtoto alijua. Alikuwa amejisifu hata kwa dada zake: nimemkata mguu.

Akakausha mikono kwenye sketi. Wawili aliowanyima walikuwa wamesimama mbele yake, mmoja ana mwiko na mwingine ana viatu vya hospitali, na maiti ilikuwa moja.

"Ni kweli," alisema. "Nilikunyima. Na hilo siwezi kulirudisha kwa kumhamisha maiti. Ungekuwa wa kurudishiwa, ungerudishiwa akiwa hai. Huyu hapa ndiye aliyekuwa akimpangusa. Ndiye atakayekwenda kaburini bila kuangalia nani anamwona. Naacha haki yangu, Marivic. Nitaitamka."

"Itamke." Marivic akafuta machozi kwa nyuma ya mkono. "Wakili alikwambia foleni. Mke, kisha watoto. Wewe ukitoka mbele, anayefuata ni mimi, mtoto wake wa pekee. Na mimi namchukua. Gari liko nje."

Nieves akauachia mwiko ukazama chunguni.

Felicitas alimtazama binti yake, na pamoja na uchungu wote ule kulikuwa na kitu kama fahari: kamlea mwenyewe. Ni kweli, foleni ilikuwa vile. Angeondoka, nafasi yake isingekwenda kwa Nieves. Nieves hakuwa nyuma yake wala nyuma ya Marivic, hakuwa popote. Kumpisha Nieves hakukuwezekana. Yule mwanamke angeweza kumzika Dulo kwa njia moja tu, Felicitas abaki mke. Cheo kilekile alichokataa kukivua kwa hasira, sasa hakuweza kukivua kwa huruma.

"Basi siachi," alisema.

"Nini?"

"Siachi kitu. Naitumia."

Akatoka jikoni kwa hatua zake za dukani, za mtu anayekwenda kumkatalia mteja. Sebuleni akasimama kichwani mwa jeneza, mahali Nieves alipokuwa amesimama kumzuia. Kapteni Palmares akaacha kutafuna.

"Kapteni, waambie wa karata wanyamaze. Waje mlangoni. Nataka mashahidi."

Hawakuhitaji kuambiwa; walikuwa wamejaa mlangoni tayari.

"Mimi ni Felicitas Tolosa," alisema. "Ni mke halali wa huyu. Nilikuwa mke wake jana, na juzi, na siku zote alizolala nyumba hii, ingawa hakuna aliyenufaika, si mimi, si yeye, si mwenye nyumba. Sheria inasema mimi ndiye wa kuamua atazikwa wapi. Sijalazimishwa, na akili yangu ni timamu. Anayebisha aseme sasa."

Hakuna aliyebisha.

"Ninaamua azikwe hapa. Siku ni atakayoitaja Nieves, mahali ni atakapopaonyesha Nieves, na nguo ni atakayotoa Nieves, fulana nzito ikiwemo. Yeyote atakayekuja na neno jingine, hata awe wa damu yangu, amfuate mke. Mke ni mimi. Andika, Kapteni."

"Niandike, Manang?"

"Umeandika mangapi yasiyofaa? Andika hili moja."

Kapteni akaandika nyuma ya kalenda ya duka la dawa, na Felicitas akasoma mstari kwa mstari, akasahihisha mawili, akatia saini. Mashahidi wakatia saini wakiwa bado na karata mkono wa pili. Kisha akaikabidhi kwa Nieves, ambaye alikuwa amekuja kusimama kwenye mlango wa jikoni, mikono imelowa mvuke.

Nieves aliisoma yote. Hakushukuru. "Haya ungeyafanya siku ile ya pasi, Manang," alisema.

"Najua," Felicitas alisema. Safari hii alijua kweli.

Nje, dereva wa gari la maiti alikuwa amefungua milango ya nyuma. Aliposikia habari akaifunga kwa kishindo. "Mnanitoa Guimbal, navuka mlima, halafu mnaniambia rudi? Gari hili halirudi tupu, Manang. Sisi tunasema lina nuksi. Likirudi tupu linatafuta mtu njiani."

"Halirudi tupu," Marivic alisema. Alikuwa amewapita wote bila kumwangalia mama yake, akafungua mlango wa mbele, akapanda, akaweka mkoba mapajani. "Nitapanda mimi."

"Marivic. Shuka. Kaa na baba yako mpaka wazike."

"Kwa ruhusa ya nani, Mama? Ya mke?" Akatazama mbele, kwenye kioo. "Nitakuja siku ya mazishi, na nitakaa benchi la nyuma. Leo siwezi."

Felicitas alisimama na mkono kwenye mlango wa gari. Angeweza kumshusha, alikuwa hajashindwa kumshusha mtoto yule kwenye gari lolote. Badala yake akaufunga mlango taratibu, akajaribu kitasa kama umeshika, akazunguka nyuma, akapiga bodi kwa kiganja.

"Nenda," alimwambia dereva. "Kona zile upunguze mwendo. Una mtoto wa watu humo."

Gari likaondoka.